Mizani, vina na kibwagizo: kweli au si kweli?

Tupime imani za darasani kuhusu uchambuzi wa mashairi kwa mishororo miwili ya mkulima wa Lushoto, iliyotungwa kwa zoezi hili:

Mlima wanipa mboga, nauza sokoni Soni,
Nashika njia kwa woga, ukungu uko njiani.

"Mizani ni hesabu ya herufi."
Si kweli. Huhesabiwa silabi. Mlima na mboga yana herufi tano tano, lakini mlima lina mizani 3 (m-li-ma) na mboga 2 (mbo-ga). M ya mwanzo wa mlima inasimama peke yake; ya mboga imeshikana na b. Kila kipande hapo juu, yaani nusu ya mshororo, kina mizani 8.

"Irabu za mwisho zikifanana, vina vimetimia."
Si kweli. Kina ni silabi nzima. Mboga na woga yanaitikiana kwa ga; ukiweka kahawa, kina kimevunjika.

"Mshairi anayefupisha neno amekosea."
Si kweli. Mkulima wetu angeandika unanipa badala ya wanipa, kipande cha kwanza kingefika mizani 9. Lawama huja pale tu maana inapopotea.

"Kila shairi la kimapokeo lina mizani 16 kwa mshororo."
Si kweli. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alisimulia vita vya Wadachi (Wajerumani) vya kuitwaa Mrima, pwani iliyo chini ya milima ya Lushoto, kwa utenzi: mishororo minne kila ubeti, mizani 8 kila mshororo. Mitatu ya mwanzo hushirikiana kina; wa nne hubeba kina kinachofunga beti zote, hata kisa kirefu kisitawanyike.

"Kurudia ni kuishiwa maneno."
Si kweli. Kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, hurudi na maneno yaleyale, lakini kila ubeti unakiongezea uzito. Kwa hiyo jibu la "kimerudiwa ili kusisitiza" halitoshi. Eleza kinasisitiza nini, na kwa nini katika ubeti wa mwisho kinasikika tofauti na ule wa kwanza.

"Pasipo vina hapana shairi."
Si kweli, ingawa ubishi ulikuwa mkali. Mshairi Amri Abedi aliandika sheria za utungaji, zilizodai vina na mizani, mwaka 1954. Mshairi Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Vina ni sharti la bahari za kimapokeo, si la ushairi wote.

"Kughani husaidia kuchambua."
Kweli. Tungo za kimapokeo zilikusudiwa kuimbwa, na silabi ikipungua sauti hupwaya. Basi ghani kwanza, ndipo uhesabu.