Picha za Kuchekesha za Mji wa Manchester

Wako watu wadhanio ya kuwa picha njema ya sinema haipatikani ila kwa fedha nyingi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za picha zilizotengenezwa kwa fedha chache huko Manchester, kaskazini ya Uingereza, mji uliojulikana kwa viwanda vya nguo za pamba.

Bwana John E. Blakeley alikuwa na kampuni iitwayo Mancunian, maana yake "ya watu wa Manchester". Mwaka 1947, vita vilipokwisha, alifungua mahali pa kupigia picha katika mtaa wa Rusholme. Hakujenga jumba jipya, bali alitengeneza kanisa la zamani la Wamethodisti.

Kazi yake ilikuwa hivi: kamera aghalabu ilisimama mahali pamoja mbele ya wachekeshaji, mfano wa mtu aliyeketi barazani akitazama ngoma. Tena maandiko hayakutaja kila neno. Pengine paliachwa wazi, mchekeshaji atie mzaha wake aliouzoea jukwaani. Kwa njia hiyo siku za kazi zilipungua, na gharama kadhalika.

Katika picha ya "It's a Grand Life", ya mwaka 1953, Frank Randle ni askari mtundu kambini, na Diana Dors ni koplo asumbuliwaye na sajini meja. Wajuzi wa London walizidharau picha za namna hii, lakini watu wa kaskazini walizipenda mno. Kwa nini? Wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa askari, wakawajua wakubwa wakali. Na vyakula vingine viligawiwa kwa kipimo hata mwaka 1954. Basi walipomsikia mtu asemaye kama wao, na kumwona mdogo akimshinda mkubwa kwa werevu, walicheka wakasahau taabu zao.

Mwaka 1954 jumba lile lilinunuliwa na BBC kwa kazi ya televisheni, na mwaka 1975 likabomolewa. Baadhi ya picha zenyewe zimesalia. Nasi twaona ya kuwa Bwana Blakeley hakuwashinda matajiri kwa mitambo wala kwa mapambo. Aliwajua watu wake, akawatumikia hao. Wahenga walisema kweli: mcheza kwao hutunzwa.