Je, Wamjua Popo wa Pemba?

Mtu atokaye Konde kwenda Makangale hana budi kupita ndani ya msitu wa Ngezi, masalia ya mwitu mkubwa uliokuwa umeenea kisiwani kabla ya mashamba ya mikarafuu kuufyeka. Na humo, juu ya miti mirefu, huning'inia mnyama ambaye, kwa rai yangu, anastahili kutangulizwa mbele ya simba na twiga siku watengenezaji wa michezo ya kompyuta ya kujenga bustani za wanyama watakapotaka kuongeza fungu la wanyama wa visiwa vya Bahari ya Hindi.

Wataalamu humwita Pteropus voeltzkowi, jina alilopewa mwaka 1909 kwa kumuenzi Mjerumani Alfred Voeltzkow. Mabawa yake yakikunjuliwa hupata takriban mita 1.6, ilhali uzito wake haufiki kilo moja. Manyoya yake ni mekundu ya kutu, na uso wake mrefu ni kama wa mbweha. La ajabu zaidi ni nasaba yake: bara zima la Afrika halina popo wa jinsi hiyo, na jamaa zake wako Mafia, Komoro na Bukini, kisha Bara Hindi hadi Australia.

Mchezo wa Planet Zoo, uliotolewa na kampuni ya Kiingereza Frontier Developments mwaka 2019, ulimwingiza popo wa Misri mwaka 2022. Walakini huyo hulala pangoni na kujiongoza gizani kwa mlio wa ulimi. Wa Pemba hulala mtini mchana kweupe, akijipepea kwa bawa joto likizidi, na usiku hutegemea macho na pua. Akipata embe hulisaga, akafyonza maji yake, kisha akatema makapi yaliyoshindiliwa mithili ya donge. Amjengeaye, basi, apande miti, asichonge mwamba. Fauka ya hayo amwekee jirani ninga wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba, ndege wasiopatikana kwingineko duniani.

Mchezo huo humruhusu mchezaji kumrejesha mnyama porini kwa kubonyeza tu. Lakini Pemba pori hilo ni mwembe wa mtu. Popo hawa waliwindwa kwa kitoweo hata mwaka 1996 wakahesabiwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni mwa kutoweka. Wanavijiji wakaunda jumuiya za kuwalinda, idadi ikapanda kupita 20,000, na mwaka 2008 hatari yao ikapunguzwa daraja. Mchezo usiopima subira ya mwenye shamba, ambaye matunda yake yaliwa usiku, utakuwa umemchora popo nusu.

Nawe msomaji, usingoje kompyuta: nenda Ngezi, au Kidike, makao mengine ya popo hawa Pemba, lakini usipige makofi ili waruke upate picha, maana mchana ndio usingizi wao.