Aota Iliyobanwa, Valvu Iliyochakaa

Aota ni ateri kuu inayotoka upande wa kushoto wa moyo, ikapanda kuelekea shingoni, ikajikunja mfano wa mpini wa bakora, kisha ikateremka kandokando ya uti wa mgongo; pale inapojikunja ndipo paitwapo upinde wa aota, ambapo huchipuka ateri zinazolisha kichwa na mikono. Wapo watu ambao upinde huo huumbika vibaya tangu tumboni mwa mama, na kasoro mojawapo ni ubano unaotokea aghalabu baada tu ya tawi la mkono wa kushoto, hata damu ikafika mikononi kwa shinikizo kubwa na miguuni kwa unyonge. Daktari makini huweza kuushuku kwa vidole vyake, kwani mpigo wa kinenani huwa hafifu na huchelewa kuliko ule wa mkononi. Inasikitisha kipimo hiki kisicho na gharama kinaporukwa, na kijana akaachwa ameze vidonge vya shinikizo la damu kwa miaka.

Wengi wenye ubano huu huzaliwa pia na valvu ya aota, yaani kilango kinachozuia damu kurudi moyoni, yenye vipande viwili badala ya vitatu, nayo huchakaa mapema, ikakakamaa au ikavuja. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Tangu mpasuaji Clarence Crafoord alipoondoa ubano kwa mara ya kwanza huko Stockholm mwaka 1944, njia iliyozoeleka ilikuwa kupasua ubavu wa kushoto, ilhali valvu hufikiwa kwa kupasua mfupa wa kidari. Valvu ikitangulizwa, damu inayosukumwa na mashine ya moyo na mapafu huweza kukwama penye ubano, figo zikakosa haki yake. Ubano ukitangulizwa, moyo hukabili upasuaji mzito ukiwa bado na valvu mbovu.

Baadhi ya wapasuaji hutatua yote mawili kupitia kidari pekee. Moyo ukiwa umesimamishwa na kuinuliwa, mfuko wake hufunguliwa kwa nyuma, mrija wa dakroni hushonwa kwenye aota inayoteremka, hupitishwa kando ya moyo na kuunganishwa na aota inayopanda, kisha valvu hubadilishwa. Ubano wenyewe hauguswi, damu huuzunguka tu, na mtu mzima huepushwa na hatari ya kukatwa mishipa ya mbavuni iliyotanuka kwa miaka mingi ikibeba damu ambayo aota ilishindwa kuipitisha.

Hata hivyo, kuta za aota za watu hawa huweza kutanuka baadaye, hivyo hupigwa picha mara kwa mara maisha yote. Na aliyewekewa valvu ya chuma hutumia wafarini daima, dawa ya kuzuia damu kuganda inayoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ndiyo maana mwanamke anayetarajia kuzaa huzungumza na daktari kuhusu aina ya valvu kabla ya siku ya upasuaji.