Aulizaye na Ajibuye: Nani Apewe Nafasi ya Chuo Kikuu?

WAHENGA walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini hapa Kenya mtoto hodari wa kuuliza hupewa cheti na kupigiwa makofi, na mtoto hodari wa kujibu ndiye apewaye nafasi ya chuo kikuu. Jambo hili wazazi wengi, wa pwani na wa bara, hawajalitia maanani. Yafaa tulizungumze sasa, wakati mpango mzima wa masomo unabadilishwa.

Na tuchukue mfano wa Sori. Huu ni mji mdogo wa wavuvi kwenye Ghuba ya Karungu, katika Ziwa Victoria, upande wa Nyatike katika Kaunti ya Migori, na jirani yake wa kaskazini ni Homa Bay. Mtu wa Vanga au wa Kipini akifika huko hatajiona mgeni sana. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa majini ili kuwavuta omena, ambao sisi huku tungewaita dagaa, na kukicha omena hao huanikwa juani. Mvua ikishika siku mbili tatu, mali huoza na mtaji ukapotea. Kwingineko huko Nyatike, katika machimbo ya Macalder, wachimbaji wadogo husafisha dhahabu kwa zebaki, nayo ni sumu iwezayo kufika majini na hata ndani ya samaki. Tena ardhi ya Karungu imejaa mifupa ya wanyama wa kale. Mwaka 1911 mtaalamu wa Uingereza alimweleza kwa mara ya kwanza mnyama mmoja wa jamii ya ndovu, aliyetoweka zamani mno, kutokana na mifupa iliyotoka hapo.

Basi mtoto wa Sori hana haja ya kwenda mbali kutafuta swali la sayansi. Omena wakaushwe vipi siku ya mvua? Zebaki ipimwe vipi katika maji tunywayo? Maswali yamelala kizingitini.

Mashindano

Mahali pa kuyapeleka maswali hayo papo. Ni mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari, ambayo siku hizi yajulikana kwa jina la KSEF. Walioketi madarasani miaka ya nyuma wanayakumbuka kwa jina la Kongamano la Sayansi. Wanafunzi hufanya utafiti wao, wakaandika ripoti, wakatengeneza kifaa au jaribio la kuonyesha, kisha wakasimama mbele ya waamuzi kujieleza. Washindi hupanda ngazi kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, mkoa, hadi taifa. Wachache hupelekwa Marekani katika mashindano ya dunia ya ISEF, ambayo chanzo chake ni maonyesho yaliyofanywa Philadelphia mwaka 1950.

Huko Marekani ushindi wa namna hiyo una uzito wake. Vyuo vingi humtazama mwombaji kwa mengi: alama zake, barua za walimu wake, insha yake, na kazi alizozifanya nje ya darasa. Hapa kwetu mambo ni mbali. Shirika la serikali ligawalo nafasi za vyuo, KUCCPS, hutazama matokeo ya mtihani wa KCSE. Mwanafunzi awe na C+ au zaidi, kisha hupimwa kwa alama za masomo manne yahusuyo kozi aitakayo. Medali ya taifa haimo katika hesabu hiyo, wala haimwongezei mtu hata nukta moja.

Mizani

Mtu aweza kusema, "Basi na tuongeze alama kwa washindi." Taratibu! Karatasi ya mtihani ni ile ile, Sori na Nairobi. Mashindano hayako hivyo. Shule yenye maabara kamili, na mzazi aliye mhandisi, huweza kumbeba mtoto hadi jukwaani, na waamuzi wasijue kazi ni ya nani. Tukizitia medali katika mizani bila hadhari, huenda tukampunja yule yule wa Sori tuliyekusudia kumsaidia.

Hata hivyo mashindano yana faida isiyoonekana kwenye cheti. Mwalimu Peter Tabichi alifundisha hesabu na fizikia katika shule ya Keriko, Nakuru, kwenye kijiji kiitwacho Pwani ingawa hakina bahari. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Wanafunzi wake walishinda katika mashindano ya taifa mwaka 2018 kwa kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, na wengine walifuzu kwenda ISEF mwaka 2019. Mwezi wa Machi mwaka huo, huko Dubai, Tabichi alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Waandalizi wa tuzo hiyo walieleza kwamba mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 wa shule hiyo waliingia vyuoni, na mwaka 2018 wakawa 26. Ni wazi kuwa mtoto aliyezoea kuuliza hasahau kujibu.

Majirani zetu wa Tanzania wamepata njia ya kati. Shirika la Young Scientists Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2011, huwakusanya wanafunzi watafiti kutoka mikoani. Washindi wakuu wamekuwa wakilipiwa masomo ya chuo kikuu na Wakfu wa Karimjee Jivanjee, ukoo ambao biashara yake ilianzia Unguja katika karne ya 19. Mtihani haukuondolewa, kilichoondolewa ni kikwazo cha karo. Na ni nchi hiyo hiyo aliyotoka Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda upesi kuliko ya baridi. Alipouliza sababu alichekwa. Mwaka 1969 swali lake lilichapishwa katika jarida la fizikia, pamoja na Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam.

Wakati wenyewe ndio huu

KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inakoma mwaka 2027. Katika mtaala mpya, waliofanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka 2025 walihesabiwa asilimia 60 kwa mtihani wenyewe, asilimia 20 kwa kazi za shuleni, na asilimia 20 kwa mtihani wa Gredi ya 6. Ikiwa kazi ya mikono yahesabiwa kumwingiza mtoto sekondari ya juu, kwa nini isitazamwe mlangoni pa chuo kikuu? Wakuu wa elimu na watujibu mapema. Nazo kaunti za Migori, Kwale na Lamu zisingoje jibu hilo: zina fedha za kuwasaidia wanafunzi, na zaweza kutenga fungu kwa watoto watafiti.

Nawe mzazi, mwanao akirudi na cheti cha mashindano, usikitundike ukutani ukasahau. Ihifadhi ripoti yake, na umwombe mwalimu barua. Mfadhili au chuo cha ng'ambo huenda kikaviulizia, na hapo mtoto awe na cha kuonyesha.