Rauta ya Nyumbani na Programu Yake: Ipi Itufaayo?

Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, nyumba nyingi za mji wetu wa Tanga zilijikuta katika kimya. Si kimya cha watu, maana watoto walikuwapo na kelele zao, bali kimya cha intaneti. Waya mbili kubwa zipitazo chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikuwa zimeharibika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Habari zilitangazwa, walakini si kila mtu aliyezisikia, na katika waliozisikia hawakukosekana waliozidharau.

Katika nyumba moja hapa Nguvumali yumo kijana hodari, wa kusifiwa, ambaye huwatengenezea majirani simu zao bila ya kudai ujira. Kijana huyu alipoona intaneti haipatikani, alihukumu kwamba rauta ya nyumbani kwao imechakaa, na ya kwamba dawa yake ni kuibadilishia programu yake ya ndani, ile ambayo wataalamu waiita programu dhibiti. Rafiki yake akampa faili ndani ya flashi. Rauta iliikataa faili hiyo mara mbili. Mara ya tatu akailazimisha kwa njia aliyofundishwa na rafiki huyo huyo; rauta ikazima taa zake zote isipokuwa moja, na hiyo moja ikabaki inawaka bila ya kupepesa.

Baada ya siku chache intaneti ilirejea mtaa mzima, ila nyumba hiyo. Baba mwenye nyumba yuko Muscat kwa kazi, na desturi yake ni kuzungumza na watu wake kila usiku baada ya sala ya Isha, huku akiwatazama wanawe usoni mmoja mmoja. Kwa siku tisa hakuwaona. Mama alinunua bando dogo akampigia kwa sauti, lakini mdogo wa wote, ambaye bado hajajua kusema vizuri, hakufahamu kwa nini baba amekuwa sauti tu.

Kisa hiki twakieleza kwa ridhaa ya kijana mwenyewe. Hatukusudii kumfedhehesha, maana kosa lake twalifanya wengi. Twadhani ya kwamba programu mpya ni bora daima, na ya kwamba iliyofaa rauta ya jirani itafaa na ya kwetu. Mambo sivyo yalivyo.

Kwanza yafaa kujua kwamba katika kijisanduku kile mara nyingi zimo kazi mbili. Moja ni ya modemu, nayo ni kusemezana na ulimwengu wa nje: na waya wa simu, au faiba, au mnara wa simu za mkononi. Ya pili ni ya rauta yenyewe, nayo ni kuigawa ile intaneti kwa simu na kompyuta zilizomo nyumbani na kulinda mlango. Mpishi na mtumishi wa mezani ni watu wawili hata wakikaa jiko moja. Intaneti ikiwa yafika vizuri mpaka sebuleni lakini haifiki chumba cha nyuma, kosa haliko kwa modemu, na kuibadilishia modemu programu ni kumwadhibu asiye na hatia.

Kazi ya modemu ndiyo yenye siri nyingi. Modemu ya waya wa simu hujadiliana na mtambo ulioko upande wa pili wa waya, na mitambo hiyo hutofautiana kwa kiwanda na kwa umri. Ndiyo maana kampuni ya DrayTek ya Taiwan, kwa baadhi ya modemu zake, hutoa faili kadhaa za toleo moja la programu, kila faili ikiwa na namba yake ya modemu. Rauta ni ile ile na toleo ni lile lile. Kilichobadilika ni lugha ya kusemezana na mtambo. Mtu mmoja faili ya kwanza itamtuliza laini yake, na mwingine faili hiyo hiyo itamkata kila baada ya nusu saa. Katika jambo hili hapana bora wala duni. Bora ni ile inayopatana na waya wako. Kadhalika kuna modemu za ADSL zilizofanyizwa kwa laini za kawaida kama zetu, ambazo huitwa Annex A, na nyingine zilizofanyizwa kwa laini za namna ya Ujerumani, Annex B. Tumepata kuona modemu nzuri iliyoletwa na jamaa kutoka huko, yenye kung'aa, nayo hapa haikupata neno hata moja la kusema.

Wenye kutumia modemu ya laini ya simu ya mkononi nao wana lao. Vyombo hivyo vingi huuzwa na makampuni yetu ya simu vikiwa vimefungwa kwa laini ya kampuni moja, na programu yake huandaliwa kwa ajili ya masafa ya minara ya kampuni hiyo. Mafundi wa mitaani huvifungua kwa kutia programu nyingine. Chombo hufunguka, ni kweli, lakini programu iliyotengenezwa kwa nchi nyingine yaweza kuacha masafa yanayotumika hapa, na mwenye chombo akabaki kulaumu mnara. Ama wale waliofikiwa na faiba, kile kisanduku kimesajiliwa katika mtambo wa kampuni kwa namba yake, na kampuni ndiyo inayokitilia programu kwa mbali. Kukichokoa ni kujitafutia kukatiwa huduma. Cha kampuni tumwachie kampuni. Tukihitaji uhuru, tununue rauta yetu wenyewe tuifunge nyuma yake.

Na hiyo rauta yetu wenyewe, kabla ya yote, tuipindue. Chini yake pana karatasi ya kiwanda, na katika karatasi hiyo kuna neno ambalo watu wengi hulipita: toleo la chombo, ambalo huandikwa kwa herufi V au Ver na namba. Tuchukue mfano wa TP-Link TL-WR841N, rauta ndogo iliyoenea sana duniani. Kwa sura na jina ni moja, lakini imetoka kwa matoleo mengi hata kufikia la 14. Toleo la 8 lina bongo la Atheros, na la 13 lina bongo la MediaTek. Programu ya moja katika nyingine ni sawa na kumvika mtu miwani ya mwenzake. Hata la 13 na la 14, ambazo ni ndugu wa karibu, hazikulingana: la 13 lina megabaiti 8 za ghala, na la 14 lina 4 tu. Kijana wetu wa Nguvumali alisoma jina la rauta. Namba ya toleo hakuisoma. Na rauta ilipokataa mara mbili, ilikuwa inamwambia kweli.

Swali jingine ni la nani aliyeitengeneza faili. Programu dhibiti ndiyo bwana wa mlango wa nyumba. Kila barua, kila picha ya mama na binti, kila neno la siri la benki, hupita mbele yake. Mwaka 2011 nchini Brazil modemu za majumbani zipatazo milioni 4.5 ziliingiliwa kwa ufa uliokuwamo katika programu zao. Wezi hawakuvunja kitu. Walibadili tu anuani ya mahali ambapo modemu huulizia njia. Mtu akaandika jina sahihi la benki yake, akapelekwa kwenye benki ya uongo iliyofanana nayo. Hilo lilitendwa na mwizi aliyekuwa nje akipenya kwa ufa. Je, aliyetengeneza programu nzima, nasi tukaitia kwa mikono yetu, atashindwa na nini? Faili iliyopita katika flashi tano haina nasaba. Ichukuliwe kwenye tovuti ya kiwanda kilichoandikwa katika karatasi ile, na pale ambapo kiwanda kimeweka hesabu ya kuhakiki faili, tuilinganishe, herufi kwa herufi.

Ipo pia programu huru iitwayo OpenWrt, iliyoanza mwaka 2004, ambayo watu wa nchi nyingi huitengeneza hadharani na yeyote aweza kuisoma. Ni kazi ya kuheshimiwa, na imefufua rauta nyingi ambazo viwanda vyake vimekwisha kuzisahau. Lakini nayo ina masharti: rauta zenye ghala la megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32 hazikuendelea kupata matoleo yaliyofuata lile la 19.07. Tena orodha yake ya vyombo huandika namba ya toleo la chombo, ile ile ya chini ya rauta.

Asidhani msomaji kwamba twamshauri kuiacha rauta na programu ya zamani hata ife. Novemba 2016 huko Ujerumani, nyumba zipatazo 900,000 za wateja wa Deutsche Telekom zilipoteza huduma kwa sababu ya shambulio lililozielekea rauta zao. Dawa yake ilikuwa ni sasisho la programu, na wateja waliambiwa wazime rauta na kuziwasha tena ili zipokee. Sasisho la kuziba ufa lisicheleweshwe. Lakini lile la kuahidi kasi, na hali laini yetu imetulia, halina haraka.

Atakayekusudia kubadili, na afanye hivi. Kwanza aingie katika ukurasa wa rauta na kuandika hali ya laini. Modemu za waya huonyesha ni kwa desibeli ngapi ishara imezidi kelele. Kwa kawaida ikishuka chini ya 6 laini huanza kuyumba. Ahifadhi mipangilio yake pamoja na faili ya programu ya zamani, maana huenda akairudia. Atumie waya, si hewani. Achague saa ambayo umeme hauna mashaka, na mwenye betri ya kuhimili aitumie, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika, rauta haijui tena ni nani. Kisha akae mbali nayo dakika kumi. Aliye na haraka atabonyeza, na aliyebonyeza atajuta. Mwisho aache siku tatu au nne zipite ndipo alinganishe namba za sasa na zile za kwanza. Saa moja haitoshi kupima laini.

Rauta ya kijana wetu, alhamdulillahi, haikufa. Mama yake aliichukua mpaka Ngamiani kwa fundi mtu mzima, ambaye aliigeuza, akasoma karatasi ya chini, akatabasamu. "Hiki hakijafa, Mama," alimwambia, "kimezimia." Akaifungua, akaunganisha nyaya tatu nyembamba katika vijipini vya ndani, akaitilia programu ya kiwanda ya toleo lake. Kijana alisimama pembeni akitazama kila hatua, na fundi hakumficha kitu.

Usiku ule baada ya Isha baba alionekana. Baada ya salamu aliuliza ni karatasi gani hiyo iliyobandikwa ukutani juu ya rauta. Mama ndiye aliyeiandika, kwa wino mwekundu: jina la chombo, namba ya toleo, na tarehe ya programu. Chini yake mkono wa kijana ulikuwa umeongeza mstari mmoja, ya kwamba ikikataa, iachwe.