Maumivu ya Shina la Kidole Gumba
Kidole gumba hushikana na kifundo cha mkono kwa kiungo chenye umbo la tandiko. Umbo hilo hukiwezesha kuzunguka na kukabili vidole vingine vinne. Ncha za mifupa yake hufunikwa na gegedu laini linaloteleza. Likilika, mfupa husuguana na mfupa na maumivu huanza.

Kiungo hiki hubeba mzigo mzito. Utafiti wa Cooney na Chao, uliochapishwa Marekani mwaka 1977, ulikadiria kwamba kubana kitu kwa nguvu ya kilo 1 huzaa takriban kilo 12 shinani. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kazi za kubana hazikosi. Mama fua wa Umoja hukamua blanketi lililojaa maji, kidole gumba kikisukumwa kiganjani huku kifundo kikipindwa. Mama mboga wa Kayole hubana fungu la sukuma wiki kwa mkono mmoja na kulikatakata kwa mwingine.

Hata hivyo, kazi peke yake si chanzo. Umri, urithi na majeraha ya zamani huchangia, na wanawake huugua zaidi, hasa baada ya hedhi kukoma. Baridi ya Julai huweza kuzidisha maumivu, lakini siyo inayokula gegedu.

Mwanzoni mtu huumwa akigeuza ufunguo au kufungua kifuniko. Baadaye shina huvimba, hutokeza nundu, na mkono hukosa nguvu. Lakini ganzi ya vidole usiku huashiria neva iliyobanwa. Viungo vingi vikivimba na kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, huenda ni baridi yabisi. Daktari huyatofautisha magonjwa haya kwa kuupima mkono na kuupiga eksirei.

Gegedu lililolika halirudi, ila maumivu hutulizwa kwa bandeji ngumu ya kushikilia shina, mazoezi na jeli ya diklofenaki. Vidonge vya jamii hiyo, vikimezwa kiholela, hudhuru tumbo na figo na kupandisha presha. Sindano ya steroidi husaidia kwa muda. Maumivu yakishindikana kutulizwa, hufanywa upasuaji wa kuondoa mfupa mdogo wa shinani, upasuaji ambao daktari Gervis aliueleza mwaka 1949.

Mengi huwezekana nyumbani: blanketi lichuruzike kwanza kwenye kamba, au likamuliwe na watu wawili; kisu kiwe na mpini mnene. Maumivu yakidumu wiki kadhaa, ni heri kwenda kliniki kabla nundu haijatokeza.