MKULIMA, CHAGUA VEMA VIUNGO VYA PAIPU

Ndugu mkulima wa Maungu, wewe wajua thamani ya maji katika nchi hii kavu. Kiungo kinachovujisha kikombe cha robo lita kila dakika 10 hupoteza lita 36 kwa siku, yaani karibu madebe mawili.

Ukitaka kiungo cha shaba ya manjano cha paipu laini ya plastiki, nenda dukani na kipande cha paipu yako. Kiungo cha nusu inchi hakiifai paipu ya milimita 20. Pete ya kubana nayo iwe ya namna hiyo hiyo. Maji ya chumvi hula shaba hafifu. Kiungo kikigeuka chekundu, kibadilishe.

Kata paipu sawasawa, ubane pete kwa koleo lake, si kwa nyundo. Fungulia maji kwanza, utazame, ndipo ufukie mtaro.